Jua ni kubwa kuliko mwezi, mbona bamvua linafuata mwezi?

"Assalaam aleykum mwalimu. Mimi ni mkulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mwanangu yuko darasa la sita na ana maswali yanayonishinda. Skuli wamefundishwa kwamba jua linaivuta dunia na sayari zote. Akaniuliza: kama linatuvuta, mbona hatuliangukii? Na kama jua ni kubwa hivyo, mbona halijauchukua mwezi wetu? Babu yake, aliyevua maisha yake yote, anamwambia bahari inafuata mwezi. Mtoto anabisha, anasema jua lina nguvu zaidi. Usiku mmoja akaniuliza kamba ya kuvutia iko wapi, nikakosa la kusema. Tena sasa amesikia kwa wenzake kwamba sayari zikijipanga mstari mmoja bahari itapanda ituchukue, na halali vizuri. Nimjibu nini?"

Waaleykum salaam, dada yangu. Umeuliza mengi kwa mara moja, na nimefurahi, kwa sababu yote yana mzizi mmoja. Lakini nianze na la mwisho, maana usingizi wa mtoto hausubiri somo la fizikia: mwambie leo hii kwamba sayari haziwezi kuipandisha bahari, hata zikijipanga zote upande mmoja. Hesabu yake nitakuwekea chini, uwe na kitu cha kumwonyesha badala ya kumwambia "usiogope" peke yake.

Sasa la kwanza. Jibu ambalo wengi tumetoka nalo shule ni kwamba kuna nguvu mbili, moja inaivuta dunia ndani na nyingine inaisukuma nje, zikatoshana, dunia ikabaki katikati. Nimelisikia hata kwa walimu wenzangu, na linapotosha. Kama nguvu zingekuwa zimetoshana, dunia ingekwenda moja kwa moja na kupotelea mbali. Kitu kinachovutwa sawasawa pande zote hakikati kona. Dunia inakata kona mwaka mzima bila kupumzika, kwa kuwa inavutwa upande mmoja tu, upande wa jua.

Ukweli ni kwamba tunaliangukia. Tunaliangukia hata sasa unaposoma. Katika sekunde moja dunia inakwenda mbele karibu kilomita 30, na katika sekunde hiyohiyo jua linaivuta pembeni ya mstari ulionyooka kwa milimita 3, unene wa kamba nyembamba ya kufungia mwani. Milimita hizo tatu, sekunde baada ya sekunde, zinatosha kuikunja njia yetu ikawa mzunguko mkubwa ulio mbali na jua kwa kilomita milioni 150. Tunaanguka, lakini kila tukianguka tumeshasogea mbele, na jua limebaki pembeni vilevile. Dunia ingesimamishwa ghafla isiende mbele tena, hapo ndipo ingeanguka kweli, na ingefika juani baada ya siku kama 65. Lakini huko inakopita hakuna upepo wala maji ya kuipunguza mwendo. Na mwendo wenyewe ilizaliwa nao: jua na sayari zilitokana na wingu moja la gesi na vumbi lililokuwa likizunguka, miaka kama bilioni 4.6 iliyopita. Vipande ambavyo havikuwa na mwendo wa kutosha wa kwenda kando viliishia juani zamani hizo. Tunayoyaona leo ni yale yaliyokuwa nao.

Mchukue ufukweni umwambie arushe kijiwe. Akirusha taratibu kinaanguka karibu, akirusha kwa nguvu kinaanguka mbali. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliwaza mtu aliye juu ya mlima mrefu kupita kiasi, anayerusha kitu kwa kasi kubwa zaidi na zaidi. Dunia ni tufe, kwa hiyo kitu kikienda kasi vya kutosha, ardhi inakuwa inajikunja chini yake sawasawa na kinavyoanguka. Kinaanguka bila kufika chini. Kwa hapa duniani kasi hiyo ni karibu kilomita 8 kwa sekunde.

Tena jambo hili limewahi kufanyika kwenye bahari hii yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ikapeleka setilaiti juu zaidi ya kilomita 500. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikaitwa Uhuru, jina la Kiswahili kabisa. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Hakuna injini iliyokuwa ikiishikilia huko juu. Ilikuwa ikianguka kuizunguka dunia, siku baada ya siku, mpaka hewa nyembamba iliyoko kule ikaipunguza mwendo kidogo kidogo, na mwaka 1979 ikashuka ikateketea. Jukwaa lilijengwa karibu na ikweta kwa sababu hapo ardhi yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inaondoka ikiwa na mwendo huo wa bure.

Huenda mtoto ameona picha za wanaanga wakielea, akadhani huko hakuna mvutano. Upo. Kwenye kituo chao, kilomita 400 juu, mvutano wa dunia ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao chini. Wanaelea kwa kuwa wao, chombo, na kikombe cha maji wanaanguka pamoja kwa kasi moja.

Lugha yetu imesaidia sana hapa. Tunasema *mvutano*, na ile "-an-" ndani yake ni ileile ya kupigana na kusaidiana: kila mmoja anamvuta mwenzake. Dunia nayo inalivuta jua, kwa nguvu ileile kamili ambayo jua linaivuta dunia. Tofauti ni kwamba jua lina tungamo, yaani wingi wa maada, mara 333,000 ya dunia, kwa hiyo nguvu inayoikunja dunia nzima haiwezi kulisogeza jua ila kidogo mno. Dunia na mwezi ni hivyohivyo. Mwezi hauzunguki kitovu cha dunia iliyotulia. Vyote viwili vinazunguka sehemu moja iliyo kilomita kama 4,700 kutoka kitovu cha dunia, bado ndani ya ardhi lakini pembeni sana. Kila chenye tungamo kinavuta: jua, mwezi, jahazi, wewe na mwanao. Ila vitu vidogo mvuto wake hauonekani mpaka utumie vyombo vya makini sana, kama alivyofanya Henry Cavendish huko Uingereza mwaka 1798, alipoweza kupima jinsi mipira ya madini ya risasi inavyovutana.

Sasa ugomvi wa babu na mjukuu. Wote wawili wana haki, na ningependa waambiwe hivyo wakiwa wamekaa pamoja.

Mtoto ana haki kwa hili: jua linaivuta dunia, pamoja na bahari yake, kwa nguvu karibu mara 180 ya ile ya mwezi. Babu naye ana haki kwa sababu maji yanamfuata mwezi, na shahidi ni wewe mwenyewe unayeingia shambani. Kupwa kwa leo na kupwa kwa kesho kunapishana kwa kama dakika 50, sawa na mwezi unavyochelewa kutoka siku hadi siku. Jua lingekuwa ndilo mtawala, maji yangepwa saa zilezile mwaka mzima, na usingehitaji kuhesabu mwezi ili ujue siku ya kufunga mbegu.

Yanapatanaje? Kujaa na kupwa hakutokani na ukubwa wa mvuto. Kunatokana na *tofauti* ya mvuto baina ya upande mmoja wa dunia na upande wa pili.

Fikiria ngalawa tatu kwenye mashindano, zimefuatana mstari. Ya mbele imepata upepo mwingi, ya kati upepo wa kiasi, ya nyuma upepo mdogo. Zote zinakwenda upande mmoja. Lakini nahodha wa ngalawa ya kati akitazama mbele anaona mwenzake anazidi kumwacha, na akitazama nyuma anaona mwenzake anazidi kubaki. Kwake yeye ni kama zote mbili zinamkimbia, moja mbele na moja nyuma. Ngalawa ya mbele ni maji ya upande wa dunia unaoutazama mwezi, yanayovutwa zaidi kwa kuwa yako karibu. Ya kati ni dunia yenyewe. Ya nyuma ni maji ya upande wa pili, yanayovutwa kwa nguvu ndogo kuliko zote. Basi maji yanavimba pande mbili, upande wa mwezi na upande ulio kinyume chake, na kwa kuwa dunia inajizungusha, kwetu yanajaa mara mbili kwa siku. Watu wengi hushangazwa na uvimbe wa pili, wakidhani mwezi unavuta upande wake tu. Kama ngalawa zote tatu zingepata upepo sawasawa, hata uwe mkali namna gani, zisingeachana. Jua linavuta kwa nguvu kubwa sana, lakini liko mbali mno, hivyo upande wa karibu wa dunia na upande wa mbali linazivuta karibu sawa.

Mpe mwanao simu afanye hesabu hii kwa mkono wake. Tungamo la jua ni kama mara milioni 27 ya lile la mwezi, na umbali wake ni kama mara 390. Ukitaka kulinganisha mvuto, umbali unagawanya mara mbili: 27,000,000 gawa kwa 390, halafu gawa tena kwa 390. Atapata karibu 180. Ukitaka kulinganisha tofauti ya mvuto, umbali unagawanya mara tatu. Agawe kwa 390 mara moja zaidi: atapata karibu 0.46. Yaani katika kuinua maji jua lina nguvu isiyofika hata nusu ya ile ya mwezi. Mgawanyo huo wa tatu ndio uliompa babu ushindi wake.

Na hiyo nusu kasoro ya jua mnaijua vizuri. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia vinakaa karibu mstari mmoja. Nguvu ya jua inajumlishwa na ya mwezi, na hilo ndilo bamvua. Kwenu maji yanapanda na kushuka mita 3 hata karibu 4, na kupwa kukubwa kunaangukia saa za asubuhi kama saa nne, wakati mashamba ya mwani yanapobaki wazi. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kwa pembe, linapunguza kazi ya mwezi, na mnapata maji mafu, yanayosogea mita moja na kidogo tu.

Lazima niseme jambo moja ambalo vitabu vya shule huliruka. Ule uvimbe wa maji wa pande mbili ni picha ya kuanzia. Bahari halisi ina mabara yanayoiziba, ina vina tofauti, ina mikondo na ghuba, na maji yanayumba ndani yake kama maji ya beseni linalobebwa. Kama mwezi ungefanya kazi peke yake kwenye dunia iliyofunikwa na maji matupu, tofauti ya kujaa na kupwa ingekuwa kama nusu mita. Umbo la bahari na pwani ndilo linaloikuza. Ghuba ya Fundy kule Kanada inafika mita 16, na Bahari ya Mediterania sehemu nyingi maji hayasogei ila kidogo sana, chini ya mwezi uleule. Ndiyo sababu hata bamvua kubwa kabisa mara nyingi huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa mpevu.

Kuhusu jua kuuchukua mwezi: mtoto amegusa jambo zito, maana kweli jua linauvuta mwezi kwa nguvu kama mara mbili ya dunia inavyouvuta. Nilipokutana na hesabu hii mara ya kwanza nilirudia kuipiga mara tatu. Lakini jua halimvuti mwezi peke yake. Linawavuta wote wawili, dunia na mwezi, karibu sawasawa, na wote wawili wanaliangukia pamoja. Ni kama abiria wawili walioshikana mikono ndani ya daladala. Gari likikata kona linakata nao wote, hawaachanishwi. Cha kuwaachanisha ni tofauti ya mvuto, na tofauti hiyo kwa umbali wa mwezi ni ndogo kuliko mkono wa dunia. Kilicho ndani ya kilomita kama milioni 1.5 kutoka kwetu dunia inaweza kukishikilia, na mwezi uko kilomita 384,400 tu. Unasogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka, tunajua kwa kupima kwa mwanga wa leza unaorudishwa na vioo vilivyoachwa mwezini tangu mwaka 1969, na chanzo chake ni haya haya maji kujaa na kupwa. Lakini hauendi popote katika maisha ya vitukuu vya vitukuu vyake.

Turudi kwenye sayari, kwa hesabu ileile. Zuhura ndiyo sayari inayotukaribia zaidi. Tungamo lake ni kama miezi 66, na ikiwa karibu kabisa umbali wake ni kama mara 100 ya ule wa mwezi. Agawe 66 kwa 100 mara tatu: 0.000066. Mahali ambapo mwezi unanyanyua maji mita 2, Zuhura inanyanyua kama unene wa karatasi. Mshtarii ni jitu la sayari, kama miezi 26,000, lakini hata ikiwa karibu iko mbali mara 1,600. Akigawa atapata pungufu ya hapo, kama sehemu moja ya kumi ya Zuhura. Azijumlishe zote, hazifiki popote. Tena mpangilio wa mstari mmoja wenye nguvu kuliko wote, wa jua, mwezi na dunia, unatokea mara mbili kila mwezi, na mama yake huwa yumo ndani ya maji siku hiyo, anavuna, anarudi nyumbani. Mwambie hivyo. Nadhani ndilo litakalomtuliza kuliko tarakimu.

Bahari ina hatari zake za kweli, na sitaki hofu ya uongo ikifukuzwa iondoke na tahadhari. Bamvua likikutana na upepo mkali maji huvuka mipaka yake, kwa hiyo sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilifika mpaka pwani yetu. Ilisababishwa na tetemeko la ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra, na sayari hazikuhusika. Wewe unayejua saa za maji una kinga kubwa: ukiona bahari imerudi nyuma ghafla wakati si wake wa kupwa, acheni kila kitu mpande juu.

Imebaki kamba. Mwambie swali lake liliwasumbua wakubwa. Newton alitoa kanuni ya mvutano, lakini alikiri kwamba hakujua nini kinaubeba kutoka jua hadi dunia katika utupu. Jibu bora tulilo nalo lilitoka kwa Albert Einstein mwaka 1915: kamba haipo, bali tungamo linapinda nafasi na wakati vinavyolizunguka, na vitu vinafuata njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana ndani ya mahali palipopinda. Mfano wa shuka lililowekewa mpira katikati siupendi, kwa sababu mpira wenyewe unazama kwa mvutano uleule tunaotaka kuueleza. Jaribu huu. Mtu mmoja asimame Nanyuki, Kenya, mwingine Kayabwe, Uganda. Wote wako kwenye ikweta. Waelekee kaskazini, kila mmoja anyooke bila kupinda. Watazidi kukaribiana, na wakifika ncha ya kaskazini watagongana, ingawa hakuna aliyemvuta mwenzake. Umbo la dunia ndilo limewaleta pamoja. Tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, wanasayansi waliokuwa kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, na wenzao waliokuwa Sobral, Brazili, walipiga picha za nyota zilizo karibu na jua wakakuta mwanga wake umepinda kama Einstein alivyosema. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuelewa hilo la ikweta; mengine yanahitaji hisabati atakayoikuta mbele.

Sasa uangalizi. Mpe wiki mbili tatu baada ya mazungumzo haya. Kama bado anashtuka usiku, anakataa kushuka ufukweni au hataki kwenda skuli, mpeleke kituo cha afya au kwa mwalimu wa unasihi wa skuli yake, aongee na mtu ana kwa ana, maana hofu ya namna hiyo mara nyingine huwa imebeba jambo jingine asilolisema.

Wakati huohuo mpe daftari na kijiti chenye alama. Kila siku, kwa mwezi mzima, aandike saa ya kupwa, maji yamefika alama gani, na achore umbo la mwezi (jua lenyewe asilikodolee macho kamwe). Akimaliza ataona mabamvua mawili na maji mafu mara mbili, na ataona kwamba bamvua limechelewa kidogo nyuma ya mwezi mpevu. Kuhusu kuchelewa huko amuulize kwanza babu yake wakati gani wa mwezi mitego huwekwa, kisha alinganishe jibu la babu na daftari lake.